Kujifunza kupiga picha bila kwenda darasani

Msibani tumeliona mara nyingi. Familia inatafuta picha ya marehemu, na kinachopatikana ni picha ndogo ya pasipoti iliyopauka. Kwa wanaoishi vijijini kama Busi, wilayani Kondoa, studio ni safari, lakini simu zenye kamera zimeshafika. Katika makala haya tunaeleza namna mtu anavyoweza kujifundisha mwenyewe kupiga picha zinazofaa kutunzwa.

Wapo waliotangulia. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza angali mwanafunzi, kwa kamera ya mtumba aina ya Box Brownie. Mwaka 1963 alianzisha kampuni ya Camerapix. Picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alipokuwa na Michael Buerk wa BBC, ziliamsha michango duniani kote. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akawekewa wa bandia na kurudi kazini. Alifariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa, karibu na Komoro.

Box Brownie haikuwa na mengi ya kurekebisha. Aliyeitumia alilazimika kujifunza asimame wapi na jua liko upande gani. Simu nyingi za leo zinaishinda kwa mbali, ila somo la jua halijabadilika.

Huku kwetu jua la saa sita mchana hupiga utosini. Macho huzama kivulini na uso huonekana mweusi kuliko ulivyo. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au kuanzia saa kumi na nusu jioni. Ukilazimika kupiga mchana, mweke bibi mlangoni, ndani kidogo ya kizingiti, akitazama nje: mwanga utamfikia usoni bila kumchoma. Anga au kanzu nyeupe ikijaa kwenye picha, kamera hudhani kuna mwanga mwingi mno, ikamfifisha mtu. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kamera ipime hapo. Na kiangazi, vumbi likitanda, futa lenzi kwanza kwa kitambaa safi. Picha nyingi tunazoletewa zikiwa na ukungu zimeharibiwa na alama ya kidole tu.

Mwenye kamera kubwa ajaribu kanuni ya zamani: jua likiwa kali, weka tundu la lenzi kwenye f/16, na kasi ilingane na ISO. ISO ikiwa 100, kasi iwe 1/100 ya sekunde, au iliyo karibu nayo. Wingu likija, fungua tundu zaidi. Piga kitu kimoja mara tano, ukibadilisha jambo moja tu kila mara, kisha linganisha.

Mahali pazuri pa kujinoa pako Kolo, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951, kwa mkono. Ripoti kwanza kwenye ofisi ya mambo ya kale, uende na mwongozaji. Zima flashi. Usimwagie mwamba maji ili rangi ikolee. Wageni wa zamani walifanya hivyo, na michoro imeumia. Subiri mwanga wa pembeni uguse jiwe.

Kwa watu, omba ruhusa kabla ya kuinua simu. Mzee akisema hapana, mwamkie, kaa naye, mzungumze mengine. Pengine siku ya pili atajivalia kofia na kukuita mwenyewe.

Simu huibwa na huanguka majini, na picha zote huenda nayo. Nakili zilizo bora kwenye memori kadi nyingine, na zile chache za wazazi zisafishwe Kondoa mjini au Dodoma. Nyuma yake andika jina, mahali na mwaka.