Paneli, Betri na Bonasi ya Chai

Mwaka 1984 shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi, upande wa Meru, ilikuwa mbioni kununua jenereta ya dizeli. Shule za harambee zilijengwa kwa michango ya wazazi, na jenereta ni mashine isiyoshiba: dizeli leo, vipuri kesho, fundi wa kuitengeneza keshokutwa. Mark Hankins, kijana Mmarekani aliyekuwa akifundisha pale kama mfanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps, aliwaomba wakuu wa shule waangalie kwanza njia nyingine. Alikuwa amemfahamu Harold Burris, mhandisi kutoka kwao aliyekuwa amefungua biashara ndogo katika nchi ya kahawa kando ya Mlima Kenya na kuiita Solar Shamba. Wakuu walisikiliza. Burris akafunga paneli juu ya paa, akaunganisha betri na taa, na wanafunzi wakapata mwanga wa kusomea jioni bila kelele wala moshi.

Walioitazama kazi ile kwa jicho la kununua ni walimu. Walikuwa na mshahara wa kila mwezi, na nyumba zao zilikuwa gizani kama za majirani. Baadhi yao wakataka mitambo kama ile, midogo zaidi, ya kufunga nyumbani. Mwaka uliofuata, kwa fedha za shirika la misaada la Marekani, USAID, Hankins na Burris walifunga paneli katika shule nyingine tatu, na papo hapo wakawafundisha mafundi wa huko namna ya kupima nyaya, kutunza betri na kuielekeza paneli kwenye jua. Msaada wenyewe ulikuwa mdogo, lakini mafundi wale hawakurudi kukaa wakisubiri mradi mwingine. Walitoka wakatafuta wateja.

Wateja walikuwapo. Miteremko ya Mlima Kenya inalima kahawa na chai, na mkulima wa mazao hayo hupata fedha kwa mkupuo: malipo ya kahawa, au bonasi ya chai. Mwaka 1986, baada ya ukame kuipiga kahawa ya Brazil, bei ilipanda duniani kote na wakulima wa Kenya wakaonja faida yake. Mtu aliyekwisha kuezeka mabati na kulipa karo alianza kuiwazia stima. Nguzo za umeme zilipita mbali, au zilipita juu ya shamba lake zikielekea kiwandani, na gharama ya kuunganishwa ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa kaya nyingi. Paneli haikuhitaji nguzo wala barua ya maombi. Ilihitaji pesa taslimu, duka na fundi.

Hata hivyo, anayedhani historia hii ilianza na paneli atakuwa amelishika jambo kwa mkia. Kabla ya paneli kulikuwa na betri. Familia nyingi za mashambani zilikuwa tayari na betri ya gari iliyowasha redio au televisheni ndogo ya volti 12, nyeusi na nyeupe. Betri ilipoisha nguvu ilipakiwa kwenye baiskeli au matatu, ikapelekwa sokoni kuchajiwa, ikaachwa huko na kufuatwa baadaye. Ni mzigo mzito wenye tindikali, na kila safari ilikuwa na nauli yake. Paneli ilipofika, kazi yake ya kwanza katika nyumba nyingi ilikuwa kuipumzisha betri ile na safari za sokoni. Kiwanda cha betri kilikuwa Nairobi, televisheni zilikuwa madukani, mawimbi ya matangazo yalikuwa yamefika vijijini. Paneli ilikuja kukamilisha kitu ambacho watu walikuwa wamekwisha kukianza wenyewe.

Ndiyo maana biashara hii ilikua bila kuingojea serikali. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ziliingia paneli ndogo za silikoni amofasi, za wati 10 hadi 14, zenye bei ambayo mwalimu au mkulima mdogo aliweza kuimudu. Mtu alinunua moja, akaongeza ya pili msimu mwingine mavuno yakikubali. Duka la mji mdogo liliiweka paneli rafu moja na redio na misumari, kama bidhaa nyingine yoyote. Mwaka 1996 watafiti Richard Acker na Daniel Kammen walipochapisha utafiti wao kuhusu soko hilo, nyumba zenye umeme wa jua Kenya zilikuwa zimefika makumi ya maelfu. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 mitambo iliyouzwa ilikuwa imepita laki mbili. Katika Afrika nzima palikuwa na miradi mingi ya wafadhili iliyogawa paneli kwa zahanati na vijiji, na mingi ilizimika pale ambapo betri ilikufa na hakuna aliyekuwa na jukumu la kununua nyingine. Huku kwenye mashamba ya chai, aliyenunua ndiye aliyetunza.

Lakini soko lisilo na msimamizi lina walioumizwa. Wengi walinunua vipande vipande, hapa paneli, kule waya, bila kidhibiti chaji cha kuizuia betri isinyonywe hadi mwisho, na betri ya gari haikuundwa kunyonywa hivyo. Ilikufa mapema. Baya zaidi lilikuwa suala la paneli zenyewe. Kammen, Arne Jacobson na wenzao walizipima paneli zikiwa juu ya paa za watu, na wakakuta kwamba wakati chapa kadhaa zilitoa nguvu karibu na iliyoandikwa, nyingine zilikuwa chini sana. Mkulima hana kipimo. Anaona mwanga hafifu, analaumu mawingu, na fedha ya msimu mzima imekwenda kwa maandishi ya nyuma ya kioo. Matokeo ya vipimo yalipotolewa, baadhi ya watengenezaji walilazimika kurekebisha bidhaa zao. Hiyo ni kazi ya utafiti inayostahili heshima kubwa, kwa sababu ilimfikia mtu aliyekuwa hana pa kulalamika.

Jacobson aliuliza pia swali ambalo wauzaji hawakulipenda: ndani ya nyumba, umeme huo unamfaidi nani? Matangazo yalionyesha mtoto akisoma. Alichokikuta ni kwamba katika mitambo midogo sehemu kubwa ya nguvu ilikwenda kwenye televisheni, na mwanga wa kusomea au wa kazi za mama jikoni ulipata kilichobaki. Na wenye mitambo walikuwa hasa tabaka la kati la kijijini: walimu, wafanyabiashara, wakulima wenye zao la biashara. Kibarua aliyewachumia majani ya chai alirudi kwenye koroboi yake.

Kilichomfikia kibarua huyo kilitokana na simu. Mwaka 2007 kampuni ya simu ya Safaricom ilianzisha M-Pesa, huduma ya kutuma na kulipa fedha kwa simu, na Oktoba 2012 kampuni ya M-Kopa, ambayo mmoja wa waanzilishi wake, Nick Hughes, alikuwa ameshiriki kuibuni M-Pesa akiwa Vodafone, ikaanza kuuza vifaa vya sola kwa mkopo. Mteja alitanguliza kiasi kidogo, kisha akalipa shilingi 40 kwa siku kwa mwaka mmoja, takriban kiasi ambacho kaya nyingi zilikuwa zikitumia kwa mafuta ya taa. Ndani ya kifaa kulikuwa na laini ya simu. Malipo yakikoma, taa zinazimwa kutoka mbali, yakirudi, zinawaka. Taa za LED zilikuwa zimepunguza hitaji la nguvu kiasi kwamba paneli ya wati 8 ilitosha taa, redio na chaji ya simu.

Sensa zinaonyesha ukubwa wa badiliko. Mwaka 2009 kaya zilizotegemea umeme wa jua kwa mwanga zilikuwa asilimia 1.6. Mwaka 2019 zilikuwa asilimia 19.3, huku stima ya kawaida ikifikia asilimia 50.4.

Fundi wa miaka ya 1980 amebadilishiwa kazi. Kanuni za mwaka 2012 zilimtaka awe na leseni, jambo jema kwa mnunuzi aliyewahi kuuziwa kioo kisicho na nguvu. Kifaa cha mkopo, hata hivyo, huja kimefungwa, na kikiharibika hurudishwa kwa kampuni badala ya kufunguliwa mezani kwake. Mwaka 2020 bunge liliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifaa vya sola, wauzaji wakapandisha bei, na mwaka uliofuata msamaha ukarudishwa. Nyumba nyingi zilizounganishwa na nguzo za stima tangu mradi wa serikali wa Last Mile wa mwaka 2015 hazikuzishusha paneli zao, kwa kuwa stima hukatika, na tokeni za mita zikiisha katikati ya mwezi ndiyo taa ya sola inayowasha jikoni.