Nani Atachora Macalder?

Ingia ofisi yoyote ya umma Migori au Homa Bay, na hata kabla hujainua macho unajua kilicho ukutani: picha ya Rais, kalenda, na ule ubao wa huduma unaokuambia ulipe ngapi na usubiri siku ngapi. Kazi iliyojenga hizi kaunti haipo. Mtu akiniuliza historia yetu ya viwanda, lazima nimtoe nje.

Nikimtoa, tutaenda Nyatike, tufike Macalder. Miaka ya 1930 watu walikuja Migori kutafuta dhahabu. Miaka ya 1950 Macalder ikawa mgodi wa shaba, na 1966 ukafungwa. Shuleni nilikutana na jina hilo kama jibu la mtihani: shaba ilichimbwa wapi Kenya? Nani alishuka shimoni, hilo halikuulizwa. Kampuni iliondoka lakini kazi ilibaki. Hadi leo watu wanachimba kwa mikono, akina mama wanaponda mawe, na dhahabu inanaswa kwa zebaki, sumu inayoingia mwilini polepole. Hata mabaki ya mgodi wa zamani yanaoshwa upya kutafuta dhahabu iliyosazwa. Kwa hivyo ushahidi wenyewe unapungua kila mwaka.

Homa Bay nayo ina hadithi yake: pamba ya wakulima, na meli zilizotia nanga Kendu Bay na Homa Bay zikibeba mizigo na watu hadi Kisumu kwenye reli. Nani alibeba hayo magunia? Ukutani hayupo.

Sasa twende Lubumbashi, kusini mwa Kongo, kwa sababu kuna watu walishafanya hii kitu. Ni mji wa shaba kama ilivyokuwa Macalder, ila mkubwa mara nyingi, na watu wake wanaongea Kiswahili. Kampuni ya Union Minière iliundwa 1906, na 1911 tanuri la kuyeyusha shaba likawashwa. Bomba lake refu la moshi na mlima mweusi wa mabaki ndiyo alama ya mji. Miaka ya 1970 wachoraji wa mtaani walikuwa wakichora maisha na historia yao kwenye magunia ya unga, kisha wanawauzia majirani, nao wanatundika sebuleni.

Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, aliamua kuchora historia yote ya nchi yake. Mwaka 1973 na 1974 alimpelekea mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha zaidi ya 100, akimweleza kila moja kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Alichora hata mgomo wa Desemba 1941, wafanyakazi walipodai mshahara zaidi na askari wakawafyatulia risasi. Hakuwa anapamba sura ya kampuni.

Hizo picha ziko wapi leo? Amsterdam, kwenye jumba la makumbusho lililokuwa likiitwa Tropenmuseum. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hajulikani aliko. Nashukuru picha zilihifadhiwa, kweli. Lakini mtoto wa mchimbaji wa Lubumbashi anahitaji viza kwenda kumwona babu yake.

Ndiyo maana nasema sisi tuanze na ukuta wa umma, pale watu wanapopiga foleni: hospitali ya kaunti, Huduma Centre, bunge la kaunti. Wachoraji tunao. Angalia mashua za Mbita na Homa Bay, zilivyopakwa rangi na kuandikwa majina. Angalia kuta za maduka. Hao wanajua kuchora kitu ambacho mtu anakielewa akiwa anapita.

Ila wasipewe orodha ya vitu vya kupendeza tu. Kabla ya kushika brashi, waende Nyatike wakae na wazee. Aliyekuwa na miaka 20 mgodi ulipofungwa sasa anakaribia 80, wengine wameshapita. Wawaulize walivaa nini wakishuka, walilipwa ngapi, nani hakurudi juu. Kisha wamchore na mama anayeponda mawe leo, kwa ukubwa uleule wa mgodi, na chupa ya zebaki ionekane mkononi mwake.

Picha ya Rais inaweza kubaki hapo kando. Ukuta una nafasi.