Safu ya Lugha: Kipaza Sauti

Neno hili limebebeshwa mengi: maikrofoni, amplifaya na spika, vyote huitwa kipaza sauti. Kwenye mkutano wa hadhara Kibondo hakuna hasara. Kwa mpiga gitaa wa kwaya Kasulu mwenye kifaa cha kidijitali kinachoiga amplifaya, hasara ipo, kwani humo amplifaya na kabati la spika ni hatua mbili. Akichomeka kwenye miksa bila kabati lililoigwa, gitaa hukwaruza masikio. Akiliacha kabati hilo la kidijitali limewashwa huku anatumia kabati halisi la gitaa, sauti hupita makabati mawili na kuwa nzito, imeziba. Wapo watakaosema muktadha unatosha. Hautoshi fundi anapoagizwa kwa simu azime “kipaza sauti”: kipi? Amplifaya na kabati ni maneno ya mkopo, lakini hayagombanii kazi moja.