Kaizari na Kipanga

Msomaji, bila shaka umepata kumwona kipanga akishuka ghafula uani na kunyakua kifaranga, kuku akabaki akilia. Je, umewahi kujiuliza binadamu aliwezaje kumfanya ndege mkali kama huyo amwindie, kisha arudi mkononi mwake kwa hiari?

Mmoja wa waliolijibu swali hilo kwa utimilifu ni Kaizari Frederick wa Pili, aliyezaliwa mwaka 1194, akatawala Ujerumani, Sicily na Italia ya kusini. Alipokwenda Mashariki katika Vita vya Msalaba, mwaka 1228 hadi 1229, hakuona haya kujifunza kwa Waarabu, mabingwa wa kazi hiyo. Kwao alipata kofia ya ngozi ifunikayo macho ya ndege. Maana asiyeona la kumtisha hutulia, na aliyetulia hajeruhi mtu wala hajiumizi. Baada ya kuchunguza kwa karibu miaka 30, aliandika kitabu chake mwenyewe. Humo alithubutu hata kumsahihisha Aristotle, akisema kwamba mwanachuoni yule alitegemea mno habari za kusikia.

Kipanga hashurutishwi. Ukimpiga, hajui kwamba ameadhibiwa. Ajua tu kwamba wewe ni adui. Kwa hiyo mwanafunzi huanza kwa kujifunda nafsi yake. Frederick alitaka mfugaji asiwe mwepesi wa hasira, wala mlevi, wala mwenye usingizi mzito, kwani usiku yampasa kuzisikia njuga zilizofungwa miguuni mwa ndege. Tena ajue kuogelea, ili amfuate ng'ambo ya mto. Kisha huvaa mfuko wa ngozi mkononi, akaulaza mkono wa juu ubavuni bila kuutikisa. Ndege huwekwa gizani, akalishwa juu ya ngumi. Mwanga huongezwa kidogo kidogo, hata akazoea uso wa mtu. Mwenda pole hajikwai.

Lakini sikiliza mwisho wake. Mwezi wa Februari, mwaka 1248, Frederick alikuwa ameuzingira mji wa Parma, na kambi yake ameiita Vittoria, yaani Ushindi. Siku moja alitoka kwenda kuwinda na ndege wake. Watu wa Parma wakafungua malango, wakaiteketeza kambi na kuteka hazina yake, na pamoja nayo nakala ya fahari ya kitabu chake cha ndege. Alikufa mwaka 1250. Nakala iliyotengenezwa kwa ajili ya Manfred, mwanawe, ingali yahifadhiwa katika Maktaba ya Vatikani.

Basi, msomaji, lipime jambo hili. Mtu aliyekesha miaka mingi akimwangalia ndege, asighafilike naye hata kidogo, alighafilika siku moja tu na adui aliye mlangoni. Elimu aliyotuachia ni njema. Na kosa lake nalo ni elimu.