Kwa Nini Mama Anagunduliwa Kuwa na ADHD Akiwa na Miaka Hamsini?



 

Ndugu wasomaji, katika kila ukoo yupo mama mmoja ambaye sote tunamjua. Ataweka chungu motoni, aende kuitikia hodi, na akirudi nyumba imeshajaa harufu ya kuungua. Atatafuta funguo huku amezishika mkononi. Ataanza kazi tano na kumaliza mbili. Tangu usichana wake ameambiwa kuwa ni mzembe, na mwisho yeye mwenyewe amekubali. Kisha anafika miaka 45 mpaka 50, hedhi inaanza kupotea, na mambo yanamzidi kabisa: anasahau majina ya watu wa nyumbani, anaingia chumbani asijue alichofuata, na katika sala hajui kama yumo rakaa ya pili au ya tatu.

Kusahau ni sehemu ya ubinadamu, na ndiyo maana tumewekewa sijida ya kusahau. Lakini katika miaka ya karibuni, huko Ulaya na Marekani, wanawake wengi wa umri huo wamekwenda kwa daktari na kuambiwa jambo ambalo hawakulitazamia: kwamba wana ADHD, yaani upungufu wa umakini na kutotulia, na kwamba wamekuwa nayo tangu utotoni. Sisi tumejiuliza: ilikuwaje jambo la utotoni likakaa miaka 40 na zaidi bila ya kuonekana? Jibu lake limo katika historia.

Macho yalikuwa kwa wavulana

Hali yenyewe si ngeni. Mwaka 1775 daktari Mjerumani, Melchior Adam Weikard, aliandika juu ya watu ambao akili zao hazitulii juu ya jambo moja. Mwaka 1798 Alexander Crichton wa Scotland akaieleza kwa urefu, akasema kuwa mtu anaweza kuzaliwa nayo, na kuwa kwa kawaida hupungua kadiri mtu anavyokua. Neno hilo la mwisho lilikuja kuwagharimu wengi.

Mwaka 1845, mjini Frankfurt, daktari Heinrich Hoffmann alichapisha kitabu cha watoto. Katika matoleo yake ya baadaye yumo Philipp, mtoto asiyeweza kukaa kitako mezani, ambaye huyumbisha kiti mpaka akaanguka na kitambaa cha meza na chakula chote. Tazameni: ni mvulana, na kosa lake linaonekana na kila mtu. Mwaka 1902 George Still aliwahutubia madaktari wenzake mjini London juu ya watoto 20 wasioweza kujizuia. Kati yao 15 walikuwa wavulana na 5 tu wasichana. Mwaka 1937 Charles Bradley, katika hospitali ya watoto huko Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto 30 dawa ya kuchangamsha mwili, na karibu nusu yao wakaendelea vizuri mno katika masomo.

Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Uswisi, alitengeneza dawa ambayo hadi leo inatumika kwa hali hii. Mkewe Marguerite, aliyeitwa Rita kwa kifupi, aliijaribu, na dawa ikapewa jina lake: Ritalin. Basi dawa ilichukua jina la mwanamke, lakini kwa miaka mingi waliopewa kwa hali hii walikuwa zaidi watoto wa kiume.

Mlango ulifunguka polepole

Mwaka 1968 muongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliitaja hali hii kuwa ni ya watoto wasiotulia, na kuwa kwa kawaida hupungua wakifika ujana. Kwa hiyo binti aliyekaa kimya nyuma ya darasa, macho kwa mwalimu na mawazo mbali, hakuhesabiwa. Na mtu mzima hakuulizwa kabisa.

Mwaka 1972 mwanasaikolojia Virginia Douglas wa Montreal, Kanada, alionyesha kuwa tatizo kubwa ni umakini na kujizuia, wala si kukimbiakimbia peke yake. Mwaka 1980 muongozo ule ukakubali kuwa mtu anaweza kuwa na upungufu wa umakini bila ya utukutu. Tangu Crichton ilikuwa imepita miaka 182! Hata hivyo, muongozo wa mwaka 1994 bado ulitaka dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 7. Mwaka 2013 umri huo ulisogezwa hadi 12, na idadi ya dalili kwa watu wazima ikapunguzwa kutoka 6 hadi 5.

Sasa pigeni hesabu. Mwanamke aliyezaliwa mwaka 1970 alikuwa na miaka 10 mlango ulipoanza kufunguka, na 43 ulipofunguliwa vizuri kwa watu wazima. Wengi wao waligundua kupitia watoto wao, kwa kuwa hali hii hurithiwa sana. Mama anampeleka mwanawe kwa daktari, anasikia maswali anayoulizwa mtoto, na anajikuta anayajibu moyoni kwa niaba yake mwenyewe.

Kwa nini wakati wa ukomo wa hedhi?

Neno la kitabibu la ukomo wa hedhi lilitungwa na daktari Mfaransa, Charles de Gardanne, ambaye mwaka 1821 alilipa umbo linalotumika leo. Homoni ya estrojeni ilipatikana ikiwa safi mwaka 1929. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa kazi yake ni uzazi tu. Baadaye ikajulikana kuwa inafanya kazi katika ubongo pia, na inaisaidia dopamini, kemikali ambayo mtu anaihitaji ili kuelekeza akili yake na kuanza kazi. Dawa nyingi za ADHD nazo hufanya kazi kwa kupitia dopamini hiyohiyo.

Kwa hiyo mama aliyeishi kwa kujitahidi maradufu, kwa kuandika kila kitu na kukesha ili amalize kazi, anapopungukiwa na estrojeni hupoteza mhimili uliokuwa ukimsaidia bila ya yeye kujua.

Hapa tuwe waangalifu. Ukomo wa hedhi peke yake huweza kuleta usahaulifu kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuwa na ADHD. Anayetofautisha ni utoto wake: je, alikuwa hivi akiwa na miaka 8 au 10? Dada zake na wazee waliomlea wanaweza kukumbuka. Upungufu wa damu, maradhi ya tezi ya shingo, kukosa usingizi na huzuni ya muda mrefu nayo huleta dalili kama hizi, na baadhi ya dawa za ADHD hupandisha shinikizo la damu. Basi asijipe mtu jina la ugonjwa wala dawa bila ya daktari.

Deni letu

Ndugu zetu, wanawake wengi waliogunduliwa wakiwa na umri huu wanasema walifurahi na kulia kwa wakati mmoja. Walifurahi kwa kujua kuwa hawakuwa wazembe. Walilia kwa miaka waliyojilaumu, na kwa maneno waliyoambiwa na wazazi, waume na watoto wao.

Maneno hayo sisi pia tumeyasema. Tumemcheka mama kwa chungu kilichoungua, na tumemwita shangazi majina mbele ya wageni. Dini yetu imetuamrisha wema kwa wazazi na imetufundisha kutafuta tiba. Leo tukirudi nyumbani tumuombe radhi, tumsaidie kazi, na akitaka kumuona daktari tufuatane naye. Nanyi walimu wa madrasa, yule binti mpole asiyemaliza ubao wake, msimpige wala msimwite mvivu. Kaeni naye mumuulize, asije akangoja mpaka miaka 50.

Allah awape afya mama zetu, na atusamehe tulipowakosea. Aamin.

Wabillahi tawfiq.