Plastiki Isiyookoteka: Kwa Nini Bonde la Maji Lipewe Meno

Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa samaki walionunuliwa sokoni Mwanza. Kwa sangara na kwa sato vilevile, mmoja kati ya kila watano alithibitika kuwa na plastiki tumboni. Miaka mitatu baadaye, Juni 1, 2019, Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Hatua hiyo inastahili sifa. Hata hivyo, ilimlenga adui anayeonekana, na sehemu kubwa ya plastiki inayoingia Ziwa Victoria haionekani kwa macho.

Plastiki ndogo ni vipande visivyofika milimita 5, na vingi huzaliwa mikononi mwetu. Kiroba kilichotundikwa gengeni kuzuia jua hukaa hapo miezi. Mionzi hukikausha, nyuzi hupoteza nguvu, na siku ukikishika kinamumunyuka kiganjani. Shati la mtumba la poliesta likifuliwa kwenye beseni huacha nyuzi nyembamba ndani ya povu, na maji hayo humwagwa mtaroni. Tairi nazo husagika barabarani. Mvua zikianza, vyote husombwa hadi Mto Mirongo, unaokatiza jiji la Mwanza na kuingia Ziwa Victoria, ambalo maji yake hutiririka nje kupitia mto mmoja tu, huko Jinja, Uganda.

Nchi nyingine zimetunga tiba zao. Marekani ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kuondoa punje za plastiki katika vipodozi vya kuoshea. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2020, ilitaka mashine mpya za kufulia ziwe na chujio kuanzia 2025. Kwa familia inayofua kwa mkono, chujio hilo halina kazi. Mitambo ya kusafisha majitaka hunasa chembe nyingi, lakini zinabaki kwenye tope, na tope likimwagwa shambani mvua huweza kuzirudisha mtoni. Isitoshe, nyumba nyingi za miji yetu hazijaunganishwa na mabomba ya majitaka. Kwetu, bomba ni mtaro.

Ndiyo maana nashikilia kwamba usimamizi wa plastiki hii uanzie kwenye bonde la maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 tayari inazipa bodi za mabonde uwezo wa kutoa vibali vya kutiririsha majitaka. Kibali hicho kiguse plastiki. Tuanze na viwanda vya kurejeleza, ambavyo tumezoea kuviona kama suluhisho tu: chupa zikisagwa na kuoshwa, maji ya kuoshea hubeba vumbi la plastiki. Masharti ya matangi ya kutuamisha na vichujio si mzigo usiobebeka, na bila hayo tunaokota chupa barabarani na kuzimwaga ziwani zikiwa unga.

Bodi peke yake haitoshi. Katika makazi ya milimani ya Mwanza kama Igogo na Mabatini, gari la taka hukwama chini, na taka hushuka na mvua. Kumtoza faini mama mwenye beseni ni dhuluma. Anayeagiza na kuzalisha vifungashio ndiye alipe tozo, na fedha hizo ziwalipe wakusanya taka wanaopanda vilima hivyo kwa miguu. Bodi nayo ipime plastiki kwenye mdomo wa Mirongo kabla na baada ya masika, kila mwaka, na matokeo yabandikwe sokoni Kirumba, wanunuzi wa samaki wayasome.