Bunge likiingia hewani, mkulima wa Mbeere apate habari: namna ya kuunganisha programu ya simu na YouTube

Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka Mombasa. Kilifi na Taita Taveta zikafuata, na kabla mwezi haujaisha Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku ya Mombasa na Kilifi. Katika siku kama hizo uvumi hukimbia kuliko lori. Mimi si mtetezi wa muguka, na wazazi wa mitaa yetu wanajua kwa nini. Lakini biashara hii, iwe miraa ya Igembe kule Meru au muguka wa Mbeere kule Embu, ni ya majani yanayopoteza thamani kwa siku mbili hivi. Anayepata habari ya uamuzi nusu siku baada ya mzigo kuondoka, hasara ni yake.

Kifungu cha 196 cha Katiba kinayataka mabunge ya kaunti kufanya kazi yao kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi. Siku hizi uwazi huo aghalabu hupitia mtandaoni. Agosti 2024 Seneti ilipomsikiliza Gavana Kawira Mwangaza wa Meru, kikao kilionyeshwa mubashara hadi usiku wa manane. Kesi kubwa kama ile kila mtu huijua mapema. Kikao cha kawaida cha kamati ya kilimo hakijulikani na mtu, hata kikiwa hewani mbele ya dunia nzima. Hakuna mkulima atakayeshinda ameitazama chaneli ya YouTube akingoja waheshimiwa waketi.

Hili ni jambo ambalo kijana mmoja mwenye kompyuta ya kuazima anaweza kulitatua bila kujua kuandika msimbo. Vitu vinavyohitajika ni vitatu. Cha kwanza ni kiunda programu kama Glide au AppSheet, ambacho hugeuza jedwali la Google Sheets kuwa programu ya simu yenye orodha, vitufe na picha. AppSheet ilinunuliwa na Google mwaka 2020, kwa hiyo mwenye akaunti ya Gmail anaweza kuanza leo. Cha pili ni jukwaa la kurushia matangazo, hapa YouTube. Cha tatu ni dalali wa katikati: Zapier, Make, au n8n kwa anayetaka kuiendesha kwenye mashine yake mwenyewe. Dalali huyu anajua jambo moja tu. Likitokea hili kule, fanya lile huku. Kule ni chaneli ya bunge la kaunti. Huku ni jedwali lako, ambalo likiandikwa mstari mpya, programu ya simu huuonyesha.

Sasa mtego, na wengi hunasa hapa. Kila chaneli ya YouTube ina mlisho wa RSS unaoorodhesha video zake 15 za karibuni. Anayeanza humwambia dalali auangalie mlisho huo, na video mpya ikitokea atume arifa kwamba kikao kimeanza. Kisha karani wa bunge, kwa bidii yake njema, anapanga matangazo ya kesho tangu leo jioni. Matangazo yaliyopangwa nayo huingia kwenye mlisho. Watu mia mbili wanaambiwa bunge liko hewani saa mbili usiku, wanafungua, wanakuta picha iliyosimama na saa inayohesabu kurudi nyuma. Fanya hivyo mara mbili na hakuna atakayekuamini mara ya tatu.

Dawa yake ni kuyatenganisha mambo mawili. Mlisho utumike kuchukua kitambulisho cha video tu, zile herufi 11 zilizo kwenye kiungo, na kukiweka kwenye jedwali. Hatua ya pili ni kuiuliza YouTube hali ya video hiyo kupitia mlango wake rasmi wa data. Kama matangazo bado yanangojewa itajibu upcoming, na yakishaanza itajibu live. Arifa itoke kwenye jibu la pili peke yake, na mara ikitoka, mstari uwekewe alama kwamba imetumwa. Bila alama hiyo dalali atatuma tena kila akipita, na vikao vya alasiri vinaangukia karibu na Swala ya Alasiri. Hatutaki simu zilie mara tano msikitini kwa sababu ya mjadala wa ushuru wa soko.

Kuuliza kwenyewe kuna bei. YouTube humpa kila mradi mgao wa pointi 10,000 kwa siku. Ukiuliza kwa njia ya kutafuta, kila swali hula pointi 100. Kila dakika 15 ni maswali 96 kwa siku, yaani pointi 9,600 kwa chaneli moja. Ukitaka kufuatilia Meru na Embu pamoja, mgao hautoshi. Ukiuliza kwa kitambulisho cha video ambacho tayari unacho, swali hula pointi 1. Ndiyo maana nasisitiza jedwali.

Dalali naye ana kipimo chake. Mpango wa bure wa Make umekuwa ukitoa operesheni 1,000 kwa mwezi na kukagua kila dakika 15, na kila ukaguzi huhesabiwa hata usipokuta kitu. Mara 96 kwa siku, operesheni hizo zimekwisha siku ya kumi na moja, na kinachokatika hakikupigii kelele. Mabunge mengi ya kaunti hukaa kuanzia Jumanne hadi Alhamisi. Mwambie dalali akague siku hizo tatu pekee, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni: ni mara 40 kwa siku, kama 520 kwa mwezi. Zinazobaki zitatumika kuuliza hali na kutuma arifa.

Saa pia zitakuchezea. YouTube hutoa muda kwa saa za dunia, nyuma yetu kwa saa tatu. Kikao cha saa nane na nusu mchana kitaandikwa 11:30, na msomaji wetu ataisoma kuwa saa tano na nusu asubuhi. Ongeza saa tatu ndani ya jedwali kabla muda haujafika kwenye simu ya mtu.

Programu nzuri ya Glide haimfai mama wa Kiritiri mwenye kabambe. Kwa huyo, dalali apeleke SMS kupitia huduma kama Africa's Talking ya Nairobi. Kila ujumbe hulipiwa, basi andika mfupi: herufi 160 zinatosha jina la bunge, mada na saa. Ukitia kikaragosi kimoja cha uso unaocheka, nafasi hushuka hadi herufi 70 na ujumbe mmoja unaweza kulipiwa kama miwili au zaidi.

Facebook ni habari nyingine. Humfungulia mlango msimamizi wa ukurasa, na wewe wa nje huwezi kuunganisha ukurasa wa bunge usio wako kwa njia hii. Kama bunge hurusha Facebook pekee, kazi ya kwanza ni kumwomba karani arushe na YouTube pia. Njia za mlango wa nyuma za kutuma kwenye makundi ya WhatsApp ziepuke, namba hufungiwa.

Kwa majaribio, fungua chaneli yako na upange matangazo ya wazi. Yaliyofichwa hayaingii kwenye mlisho, na utadhani mtambo umekufa. Usingoje siku ya kazi kurusha mara ya kwanza, maana YouTube huweza kuchukua hadi saa 24 kukuruhusu.

Kilicho kizito zaidi ni lile jedwali. Orodha ya namba za simu za wauza muguka ndani ya kaunti iliyowahi kupiga marufuku muguka si orodha ya kawaida. Mwenye kuipata anaweza kuifanyia msako au kuitoza hongo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayekusanya namba aseme anazikusanyia nini, apate ridhaa, na afute mwenye namba akitaka. Majedwali mengi ya vikundi nimeyaona yameachwa wazi kwa yeyote mwenye kiungo. Funga jedwali kwa akaunti ya kikundi, si ya kijana aliyelitengeneza, na funguo za dalali wazijue watu wawili. Usiandike jina wala biashara ya mtu. Namba na kaunti anayotaka kufuatilia zinatosha kutuma arifa.